Aliyeuawa Siku ya Alhamisi

Kwa maneno ya Mama Pazia mwenyewe, mambo yalikwenda hivi.

Alhamisi ile, saa kumi na ushei, alikuwa chumbani kwake anakunja nguo. Hakuwa akisikiliza. Hilo alilirudia mara tatu ili lieleweke: yeye si mtu wa kutega masikio kwenye kuta za watu. Ni ukuta wenyewe tu uliokuwa mwembamba, na sikio halina mlango. Basi akasikia chumba cha pili, kwa yule mjane mdogo anayepiga pasi kwa dobi, mtu anapiga magoti.

"Magoti yana sauti yake," aliwaambia watu. "Hasa kwenye sakafu ya saruji. Ukisikia unajua huyu hajaangusha kitu, huyu kajiangusha mwenyewe."

Kisha yakaja maneno, moja baada ya jingine, wazi kama mtu anayekusomea barua: "Ee Mungu wangu, nimemuua. Nimemsukuma kutoka ghorofa ya tatu. Alikuwa na mke anayempenda. Nisamehe. Na kesho, ukinijalia uzima, nitamuua mlinzi." Halafu kilio. Kilio cha kweli, si cha kujipaka mate.

Sasa, mtaa mzima ulijua kwamba mume wa mjane yule, fundi mwashi, alianguka kutoka ghorofa ya tatu miaka mitatu iliyopita. Mama Pazia hakuhitaji kalamu kujumlisha.

Na neno likitoka kinywani mwa Mama Pazia halitembei kwa miguu, linapanda gari. Ijumaa asubuhi lilikuwa ni la kusukuma tu. Ijumaa jioni limeshapata taulo lenye damu. Jumamosi mjane alikuwa ameua waume wawili, na wa kwanza hajulikani hata sura. Jumapili, watu wanatoka ibadani, likafika kwa mama yake Kufuli, nyumba ambayo lingeweza kufanya madhara kuliko zote, kwa sababu Kufuli ndiye aliyekuwa amesema anataka kumwoa.

Ndiyo maana saa tisa alasiri ya Jumapili hiyohiyo mjane mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi la watu, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Kazini walimwita Pasi, kwa wembamba wake, na kwa kuwa akishashika moto hagusiki.

Mbele yake, kwenye kiti kikubwa, alikaa shangazi yake Kufuli, mwanamke mwenye mikono minene na sauti ya kuamuru hata anaposalimia. Mama Pazia alikuwa kwenye kigoda alichokibeba kutoka kwake, asije akakosa pa kukaa. Pembeni, dirishani penye mwanga, mama yake Kufuli alikuwa anashona kifungo kwenye joho lake la kwaya. Alimwitikia Pasi salamu, akarudi kwenye sindano yake, wala hakusema tena.

Na Kufuli? Kufuli alikuwa mlangoni, ameegemea mhimili, bisibisi mkononi na kitasa kibovu kwenye kiganja. Mikono yake haikujua kukaa bure. Pasi hakumtazama. Alijua akimtazama mara moja moyo wake utalainika, na leo hakuja na moyo wa kulainika.

"Binti," alianza shangazi, "hatukukuita kukuhukumu."

"Ahsante, shangazi."

"Tumekuita kukusikia. Hukumu itakuja yenyewe."

"Nayo naikaribisha."

Shangazi alimpima kwa macho, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. "Jirani yako huyu anasema umekiri umeua mtu."

"Ni kweli, nimeua."

Mama Pazia alipiga makofi. "Si niliwaambia? Si niliwaambia mimi? Mkasema nina mdomo!"

"Alhamisi nilimuua mmoja," Pasi aliendelea, sauti yake haipandi wala haishuki. "Ijumaa nikamuua mlinzi, kama jirani yangu alivyosikia. Jana nilipumzika. Mashuka ya hoteli yalikuwa mengi."

Kule mlangoni mtu alikohoa, kikohozi cha kuficha kicheko. Pasi akafanya kosa: akainua macho.

Macho yao yakakutana, na kwa kitambo kidogo sebule ile yenye vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu, hata juu ya redio, ikawa imebaki na watu wawili. Yalikuwa macho yaleyale ya siku ya kwanza. Yalimwambia: endelea, nipo.

Walikutana kwa ajili ya ufunguo. Kwa dobi, kabla nguo haijaguswa na maji, lazima mtu apitishe mkono katika kila mfuko, na mtu huyo alikuwa Pasi. Alishatoa humo vifungo, picha, meno ya bandia, barua ya kuachana iliyokunjwa mara nane. Maana Pasi alikuwa anaandika hadithi za mauaji, na vitabu vyake vyote vilianzia mfukoni mwa mtu. Alitunga akiwa amesimama, chuma cha moto kikienda na kurudi, sentensi aliyoipenda akaiandika nyuma ya kikaratasi cha namba za nguo, na nyumbani akavipanga vikaratasi mezani na kunakili kwenye daftari. Vikatoka vitabu vyembamba vya kurasa themanini, vinauzwa kwenye vibanda vya magazeti na kusomwa saluni mpaka vinang'oka jalada. Juu ya jalada hapakuwa na jina lake la kweli. Mtaani waliomjua hawakuzidi watatu.

Siku hiyo, katika ovaroli yenye mafuta, akatoa ufunguo. Mwenye ovaroli alipokuja, mrefu, mpole, mdomo umefungwa, akamuuliza: "Huu wa mlango gani?"

"Hata mimi sijui. Niliuchonga, mwenyewe hakurudi."

"Wewe ni fundi kufuli?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi nikuulize. Mlango umefungwa kwa ndani, na ufunguo umebaki kwenye tundu. Aliye nje anaingiaje?"

"Unataka kuiba au kuokoa?"

"Nataka kuua."

Mtu aliyejulikana kwa kunyamaza, mpaka watu wakamwita kwa jina la bidhaa yake, alicheka siku hiyo hadi wafua nguo wakaja kuchungulia. Akaomba gazeti na kipande cha waya. Akamwambia Pasi ajifungie katika chumba cha pasi, ufunguo auache tunduni. Pasi akiwa ndani akaona gazeti linapenya chini ya mlango kama ulimi, kisha waya unachokonoa tunduni, kisha ufunguo ukadondoka juu ya gazeti, ukavutwa nje taratibu. Mlango ukafunguka. Naye akawa amesimama pale, amejaa mlango mzima.

"Umeandika?" aliuliza.

"Nimeandika," alisema Pasi, na hakuwa ameandika hata herufi.

Tangu hapo kila Ijumaa alileta ovaroli moja. Mwezi wa tatu Pasi akagundua ovaroli zinakuja safi, tena zimenyooshwa, zimenyooshwa vibaya na mtu asiyejua.

"Hii mbona safi?"

"Ina vumbi."

"Wapi?"

"Ndani."

Hivyo ndivyo Kufuli alivyotongoza. Na Pasi, ambaye alikuwa ameapa kwamba mlango huo kwake umeshapigwa misumari, akajikuta Ijumaa zinamchelewa.

"Binti! Nakuuliza, huyo uliyemuua ni nani?" Sauti ya shangazi ilimrudisha kochini.

Pasi alifungua mkoba, akatoa daftari la jalada gumu, kona zimeliwa. "Huyu hapa. Ni wa kitabu, kama yule daktari wa meno wa mwaka jana, naye nilimwandika mimi. Nikisoma mtamfahamu."

Akasoma. Hakusoma kwa madaha. Alisoma kama anavyosoma mtu aliyeishia darasa la saba na kuendelea kujisomesha mwenyewe, neno kwa neno, akiheshimu kila kituo.

"Fundi alisikia anaitwa. Aligeuka, mwiko bado mkononi, kofia imemwinamia usoni, na mbele yake hakuona mtu, aliona viganja viwili. Aliwahi kufikiri jambo moja tu, kwamba viganja vile anavijua. Chini kabisa, uani kwake, mke wake alikuwa anahesabu vibanio kwenye kamba ya nguo. Alihesabu mpaka kumi na tisa. Alikuwa bado hajui kwamba tangu cha kumi na mbili yeye ni mjane."

Shangazi alikuwa ameinama mbele kitini. 

"Halafu?" Mama Pazia aliponyokwa.

"Halafu nikapiga magoti, ukanisikia."

Mama Pazia alijinyoosha kwenye kigoda chake. "Mimi nilisikia nilichosikia. Sikusema nimeona. Nani kasema nimeona? Na mtu akiua wa kwenye karatasi si aseme wa kwenye karatasi, jamani, sisi majirani tujue!"

"Na lile taulo la damu?" Pasi alimuuliza.

"Taulo silijui mimi. Taulo lilipandia njiani."

Shangazi hakucheka. Mwanamke yule, ukimnyang'anya shoka, anashika panga. "Haya. Basi hukuua. Lakini ndiyo afadhali? Mwanamke mzima, mjane, unakaa ndani unabuni namna za kuangamiza watu! Mwaka jana sumu kwenye dawa ya kusukutulia, yule daktari wa meno maskini, na mkewe ndiye kamtengenezea mwenyewe kwa kikombe cha bluu…"

Aliuziba mdomo kwa kiganja. Lakini lilikuwa limeshatoka.

"Kikombe cha bluu kiko ukurasa wa sitini na nane," alisema Pasi taratibu. "Shangazi umefika mbali."

"Nilisimuliwa!"

"Anayesimulia hukisahau kikombe, shangazi."

Kule dirishani mama yake Kufuli aliinamia kifungo zaidi kuliko kifungo kilivyohitaji.

"Sikiliza," shangazi alisema, na sasa sauti ilikuwa imepoteza adabu yote, "hapa hatujadili kusoma. Mtu kusoma si sawa na mtu kuandika. Wifi yangu huyu ana mtoto mmoja. Mmoja! Nyumba hii ni ya sala. Hatuwezi kuingiza mtu ambaye anaamka asubuhi anajiuliza leo nimuue nani. Kwanza umesoma mpaka wapi wewe?"

"La saba."

"La saba. Na nani kakwambia wewe ni mwandishi?"

"Hakuna aliyeniambia. Kama ningengoja kuambiwa, mpaka leo ningekuwa nangoja."

"Basi mimi nakwambia. Uache. Leo. Hayo madaftari ulete yachomwe hapa uani, mbele ya mama mkwe wako. Ukifanya hivyo, kesho tunaanza kuzungumza harusi, na mimi nitakuwa wa kwanza kuimba. Usipofanya, chukua mkoba wako."

Hapo sasa, msomaji, ndipo penye uzito. Pasi alikuwa na miaka ishirini na saba. Miaka mitatu alilala na ubavu mmoja wa kitanda umetandikwa haujaguswa. Mtu aliyempenda alikuwa hatua sita kutoka alipokaa, na kati yao palikuwa na rundo la karatasi. Kiberiti kimoja tu, na ubavu ule wa kitanda ungepata mwenyewe. Ni nani ambaye hangelifikiria, walau kwa nukta moja?

Alilifikiria. Kisha akalirudisha daftari mkobani, akaufunga.

"Sitachoma, shangazi."

"Unasemaje?"

"Sitachoma. Sitaficha. Wala sitakudanganya nimeacha, halafu niandike bafuni kama mlevi. Nampenda mtoto wenu. Nampenda mpaka naona haya kulisema mbele ya wakubwa. Lakini sikuja hapa kuomba nipunguzwe ndipo nitoshe mlangoni."

"Ona kiburi! Mmeona kiburi?" Shangazi aligeuka. "Wewe! Huyo mchumba wako madaftari ameyaweka wapi?"

Kufuli aliinua uso kutoka kwenye kitasa. "Kwenye sanduku la bati."

"Lina kufuli?"

"Lina."

"Uliliweka wewe?"

"Nililitengeneza mwenyewe."

"Vizuri. Basi ufunguo unao. Kalete hayo madaftari."

Kufuli aliiweka bisibisi mfukoni. Alisogea, hatua sita zile, akasimama ubavuni mwa kochi, nyuma ya bega la Pasi. Hakumgusa. Lakini Pasi alilisikia joto lake shingoni kama anavyolisikia joto la chuma kabla hakijagusa kitambaa.

"Shangazi, kila fundi kufuli anajiachia ufunguo wa pili," alisema. "Hata kama hasemi. Mteja akipoteza, anarudi kwako. Ndiyo kazi ilivyo. Mimi miaka tisa sijawahi kutengeneza kufuli nisijiachie wa pili." Akavuta pumzi. Yalikuwa maneno mengi kwake. "La sanduku lile sikujiachia. Ufunguo ni mmoja, na anao mwenyewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikimwoa, namwoa na wafu wake wote."

Pasi aliuma mdomo. Alikuwa ameambiwa maneno matamu na waume wa watu na waume wasio wa watu, kwenye foleni, kaunta, njiani. Hili halikuwa tamu. Lilikuwa zito, na alitamani alibebe nyumbani kwa mikono miwili.

"Haya, nyote mna wazimu," shangazi alisema. "Lakini Mungu je? Hebu niambie, wewe uliyezoea kupiga magoti. Mungu anakaa kitini pake anasikiliza watu wasiokuwepo? Unamfanyia mzaha?"

Hapo Pasi akashika moto.

"Simfanyii mzaha. Mimi na Mungu tumenuniana, shangazi. Miaka mitatu. Lakini hatujaachana. Watu walioachana hawasemezani, na mimi namsemesha kila siku, hata kama ni kwa kisirani. Siku mume wangu alipoanguka nilikaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi mpaka jua linazama. Kila mlango ukilia, nasimama. Nesi akipita anakimbia, nasema yuko hai. Akipita polepole, nasema amekufa. Hakuna aliyenigeukia. Nilikuwa na vibanio vya nguo mfukoni, nikavihesabu mpaka vidole vikafa ganzi. Watu wanafikiri hadithi za kutisha ni visu na bastola. Hapana. Ni benchi. Ni mtu anayengoja mlango ufunguliwe. Nilichojifunza pale ndicho ninachoandika mpaka leo."

"Sasa kwa nini uwakalishe na wengine?" aliuliza Mama Pazia, na safari hii aliuliza kwa dhati.

"Kwa sababu kwangu mimi mlango lazima ufunguliwe. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwa anayesoma. Nitakutesa kurasa sabini na tisa, lakini ya themanini nitatoka nikwambie, usoni, kimetokea nini. Mimi sikuambiwa. Na ninayemuua simuui hivihivi. Namnywesha chai kwanza. Namtafutia mtu wa kumlilia. Kama hana, simuui, namwacha aishi mpaka apate. Halafu namtaja kwa Mungu, kwa sababu siku ile nilitamani mtu, mtu yeyote ndani ya ile hospitali, amtaje wangu. Kama hiyo ni dhambi, nitaijibu mwenyewe. Wala sitasema nilitumwa."

  Ndipo dirishani sauti ikasema, ndogo, kavu, ya mtu aliyeitunza kwa ajili ya kuimba:

"Miguu hujaitaja."

Wote waligeuka. Mama yake Kufuli alikuwa hajainua uso. Uzi ulikwenda, ukarudi.

"Umetaja mikono yake," aliendelea. "Umetaja mwiko. Kofia umeitaja, hata ilivyoinama. Mtu ameanguka kutoka juu, na miguu hujaitaja. Na huyu jirani anasema ulilia. Wa karatasi mtu hamlilii hivyo. Kwa nini ulilia, binti?"

Hapakuwa na ukali ndani yake. Ndiyo maana likampata Pasi mahali ambapo shangazi hakupafikia. Alitazama mikono yake, yenye makovu madogo ya moto yaliyopangana kama mshono. Angeweza kudanganya. Kazi yake ilikuwa kudanganya, na aliifanya vizuri.

"Mama," alisema, "alikuwa na buti za kazi, jozi moja. Jumapili nikaziona zimejaa saruji, nikasema nimfurahishe. Nikazifua. Nilizisugua mpaka zikawa kama za dukani. Lakini hapakuwa na jua siku ile. Jumatatu asubuhi zilikuwa hazijakauka. Akanung'unika, nami nikamjibu, tukajibizana, mambo ya mume na mke. Akatoka na kandambili."

Sindano ilisimama.

"Walisema ameteleza. Msimamizi wa ujenzi aliniletea kandambili moja ndani ya mfuko, ya pili hawakuiona. Miaka mitatu naandika vitabu, nimeua kwa sumu, kwa kamba, kwa maji, lakini mtu wa kuanguka sikuthubutu. Alhamisi nikathubutu. Nikaandika kwamba amesukumwa. Nikamtafutia muuaji, nikampa viganja, nikampa sababu. Kwa sababu kama kuna mtu aliyemsukuma, mama, basi mtu huyo ana jina lake, na jina hilo si langu."

Hakulia. Aliinua kidevu, akasimama, mkoba kifuani.

"Sasa mnayo. Hii ndiyo ya kweli, hata mtoto wenu sikuwahi kumwambia. Mama Pazia, hii ibebe, maana haihitaji taulo. Shangazi, kama mnahitaji sababu ya kunikataa, nimewapa nzuri kuliko mliyokuwa nayo. Nikataeni kwa hiyo. Lakini kuandika sitaacha. Nikiacha, nitabaki na buti zile kwenye kamba, zinadondosha maji, tone, tone, maisha yangu yote."

Alipogeuka, kifua cha Kufuli kilikuwa palepale. Hakumpisha. Alimtazama tu, yale macho yake ya kufungua vitu bila kuvunja, yamejaa maji hadi kingoni, naye hakuyaficha.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ungeniambia si kosa langu. Kila mtu angeniambia hivyo."

"Nisingesema."

"Ungesema nini?"

"Nisingesema kitu."

Na Pasi akajua ni kweli. Katika dunia nzima ya watu wenye midomo, Mungu aliyenuniana naye alikuwa amemletea mmoja anayejua kunyamaza vizuri.

Mama Pazia alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga na kulalamika kwamba sebule ina vumbi. Shangazi alikitazama kiganja chake kama kimeandikwa kitu. "Buti…" alisema, mara moja tu, akaishia hapo.

Mama yake Kufuli alisimama. Joho la kwaya lilimteleza mapajani, akaliacha lianguke. Alikuja mpaka alipo Pasi, mfupi kuliko alivyoonekana akiwa ameketi, sindano bado kati ya vidole, na uzi unamfuata nyuma na kifungo mwisho wake.

"Mwanangu," alisema.

Neno hilo hakuwahi kumwita. Hata siku ya kutambulishwa, na biskuti zikiwa mezani, alimwita mgeni.

"Abee, mama."

"Hilo daftari usilichome. Atakayelichoma atanikuta mimi uani." Hakumtazama wifi yake, lakini wifi yake alisogeza miguu. "Ila nina ombi moja. Kalamu unayo?"

Pasi aligusa juu ya sikio, penye kitambaa. Ilikuwepo. Huwa ipo.

"Fungua pale uliposoma."

Alifungua. 

"Mtaje miguu. Usimwache hivyo, na mikono na kofia tu, kama nusu mtu. Zile buti zianike, ungoje jua, zikauke kabisa. Kisha mvalishe, umfunge kamba mwenyewe, apande huko juu." Mama yule alishusha sauti, ikawa ya watu wawili. "Halafu andika, mwanangu. Na huyo wa viganja mtoe. Mwache fundi peke yake juu, na buti zake kavu. Uone kama hataanguka vilevile."

Kalamu iligusa karatasi, ikaacha nukta, ikakaa hapo. Kufuli alikuwa ameweka mkono kwenye ukingo wa kochi, pale Pasi alipokuwa ameketi, penye joto lake. Nje mtu alikuwa anakung'uta mkeka. Pasi aliutazama ule mstari mtupu chini ya vibanio kumi na tisa, na mama yake Kufuli akasimama mbele yake, sindano inaning'inia kwenye uzi, akimtazama kama mtu aliyeko kwenye benchi, ambaye mlango umelia, na ameinuka.